Kompaila inajua ukubwa wa kila data hadi biti ya mwisho, kwa nini sisi tunaachwa gizani?

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa malalamiko na nina hasira kweli kweli, kwa hiyo anayetafuta maneno matamu apite tu.

Kazini tuliletewa maktaba ya kuhifadhi vipimo na mtoa huduma ambaye sitamtaja. Inaandika rekodi kwenye faili, na kila rekodi ni struct ya lugha ya C, yaani fungu la data zinazokaa pamoja, lenye vitu vitatu: char (namba ndogo ya baiti 1) ya aina ya kipimo, long (namba kamili) ya saa kwa sekunde, na double (namba ya desimali ya baiti 8) ya kipimo chenyewe. Faili zinaandikwa kwenye seva ya Linux, zinasomwa kwenye mashine za Windows. Zote ni biti 64, prosesa zote ni x86-64 (za aina ya Intel na AMD), msimbo ni uleule mstari kwa mstari. Vipimo vikaanza kusomeka sifuri. Programu haikuanguka, ujumbe wa kosa haukutoka, ni sifuri tu kwenye ripoti ambazo watu wanazitumia kuamua mambo.

Ngoja nieleze kilichotokea, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Kwenye Linux ya biti 64, long ni baiti 8 (baiti moja ni biti 8). Kwa hiyo kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, inaweka baiti 1 ya char, inajazia baiti 7 zisizo na kazi ili long ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 8, kisha baiti 8 za long na baiti 8 za double. Jumla 24. Kwenye Windows ya biti 64, long ni baiti 4. Inakuwa baiti 1, kujazia 3, long 4, double 8. Jumla 16. Struct moja, msimbo mmoja, prosesa ya aina moja, na rekodi mbili zisizofanana hata kidogo.

Sasa msomaji wa Windows anapochukua rekodi ya kwanza, pale anapotafuta kipimo, yaani kuanzia baiti ya 8, ndipo mwandishi wa Linux alipoweka saa. Chukua sekunde kama bilioni 1.7 tangu 1970, zile biti zake zisome kama double: unapata namba iliyo karibu na 8.4 × 10⁻³¹⁵. Ichapishe kwa tarakimu sita baada ya nukta, utaona 0.000000. Na saa je? Inasomwa kwenye zile baiti za kujazia, ambazo lugha haiahidi chochote kuhusu kilichomo. Rekodi ya pili ndiyo kabisa, kwa sababu inaanzia katikati ya ile ya kwanza.

Tulipowaandikia, wakajibu kwamba msimbo wao ni C safi inayofuata kiwango, na kwamba tatizo ni kompaila yetu. Nyaraka zao zinasema saa ni "long". Basi. Ukubwa haujaandikwa popote, mpangilio wa baiti haujaandikwa, kujazia hakujatajwa. Mtu anakuuzia umbizo la faili bila kulieleza umbizo lenyewe, halafu lawama anakupa wewe!

Lakini wao ni nusu ya hasira yangu. Nusu nyingine ni kompaila na desturi nzima iliyoizunguka.

Msinielewe vibaya, kompaila si mjinga. Inajua kila kitu. Ingia ndani ya GCC, kompaila ya mradi wa GNU, uangalie: huko hakuna int wala long inayoyumbayumba. Kila thamani ina modi yake ya mashine. QI ni namba kamili ya baiti 1, HI baiti 2, SI baiti 4, DI baiti 8, TI baiti 16. Kwa desimali kuna SF ya baiti 4, DF ya baiti 8, XF ya ile desimali ya biti 80 ya Intel, TF ya baiti 16. LLVM, msingi wa kompaila nyingine kama Clang, nayo imenyooka zaidi: i8, i32, i64, hata i37 ukitaka, na juu ya faili la lugha yake ya kati kuna mstari unaotangaza kama baiti ndogo inatangulia, pointa (anwani ya data kwenye kumbukumbu) ina biti ngapi, na kila aina ipangwe kwenye anwani ya namna gani. Yaani ule ukweli wote ninaoulilia umeandikwa waziwazi, umetolewa maamuzi, hauna utata. Umewekwa tu upande ambao mwandishi wa programu haangalii.

Halafu shuka hadi asembla, lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine, uone vurugu ya majina. Kwenye hati za x86, "word" ni biti 16, kwa sababu 8086 ya 1978 ilikuwa mashine ya biti 16 na jina likaganda hapo. Kwenye ARM, prosesa za simu nyingi, "word" ni biti 32. Matokeo yake ndani ya asembla ya GNU agizo la .word linatoa baiti 2 kwenye x86 na baiti 4 kwenye ARM. Programu ileile ya asembla, agizo lilelile! Na kinachoniudhi zaidi ni hiki: pale pale kwenye x86-64, .long inatoa baiti 4, na herufi l kwenye movl, agizo la kuhamisha data, maana yake ni biti 32. Lakini long ya C kwenye Linux ni biti 64, kwa hiyo kompaila inaitafsiri kuwa movq na .quad, za baiti 8. Neno moja, kwenye mashine moja, kwenye zana za mradi mmoja, lina ukubwa wa namna mbili kutegemea uko ghorofa ipi. Mwanafunzi anayejifunza leo atashikilia nini?

Najua historia, hakuna haja ya kunifundisha. Enzi za biti 16, int ilikuwa 16 na long 32. Zikaja biti 32, int ikapanda hadi 32, long ikabaki 32, na watu wakazoea kwamba zote ni sawa. Zilipokuja biti 64 kila kambi ikachagua njia yake. Unix na ndugu zake wakapandisha long na pointa hadi 64. Windows ikapandisha pointa tu, kwa sababu kulikuwa na mlima wa msimbo ulioichukulia long kuwa 32, na DWORD, aina yao wenyewe ya namba ya biti 32, imefafanuliwa kama unsigned long. Kila kambi ilikuwa na sababu zake. Anayelipa ni mimi na wewe. Kila long inayobeba pointa ni bomu ukiihamishia Windows. ftell, inayokuambia uko baiti ya ngapi ndani ya faili, inarudisha long, kwa hiyo ukivuka gigabaiti 2 za faili kwenye Windows imekula kwako. Hata kuchapisha namba ya biti 64 ni adhabu: %ld ni sawa kwenye Linux, kwenye Windows lazima %lld, au uingize yale makro ya PRId64 yanayokatakata maandishi yako vipande vipande.

Na usiseme "mimi situmii C, natumia lugha ya juu". NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, kwenye Windows ilikuwa inatengeneza namba kamili za biti 32 kama kawaida yake, kwa sababu ilifuata long ya C, hadi toleo la 2.0 lilipobadilisha mwaka 2024. Zidisha 50,000 kwa 50,000 ndani ya safu ya biti 32 upate -1,794,967,296. Mtafiti anayechambua data zake hajawahi kuandika mstari mmoja wa C maishani, na uamuzi wa miaka mingi iliyopita kuhusu long umemfuata hadi mezani kwake.

Char nayo. Ina alama ya hasi au haina? Kwenye x86 inayo, kwenye Linux ya ARM haina, kwenye mashine za Apple zenye ARM inayo tena. Weka jibu la getchar (inayosoma baiti moja) ndani ya char kisha linganisha na EOF (alama ya mwisho wa data, kwa kawaida -1): kwenye mashine moja kitanzi kinakatika mapema kikikutana na baiti ya 255, kwenye nyingine hakikomi milele. long double sitaki hata kuigusa sana: biti 80 zilizofungwa ndani ya baiti 16 kwenye Linux ya x86-64, baiti 12 kwenye ile ya biti 32, sawasawa na double kwa kompaila ya Microsoft, na biti 128 kamili kwenye Linux ya ARM ya biti 64. Aina nne tofauti, jina moja.

Mtu atasema suluhisho lipo tangu C99 (kiwango cha C cha 1999), tumia int32_t na int64_t, ambazo ukubwa wake uko kwenye jina. Nazitumia, na nawaomba wote mzitumie. Lakini angalieni na hapo pia walivyotuachia mtego: int_fast16_t ni baiti 8 kwenye glibc ya x86-64 na baiti 4 kwenye musl (hizo ni maktaba mbili za msingi za C kwenye Linux). Aina iliyoletwa pamoja na hizo, inayoahidi tu angalau biti 16, inabadilika ukibadilisha maktaba ya msingi, bila kubadilisha prosesa, bila kubadilisha hata kompaila. Na hata wenyewe kwa wenyewe hawakuelewana: kanuni za System V kwa x86-64 (makubaliano ya jinsi programu zinavyopanga data) zinasema namba ya biti 128 ipangwe kwenye anwani inayogawanyika kwa 16, GCC ikafanya hivyo, LLVM kwa miaka ikawa inahesabu 8, na lugha ya Rust, inayotumia LLVM, ikarithi hiyo 8. Imerekebishwa kwenye LLVM 18 na Rust 1.77, mwaka 2024. Yaani hadi juzi ungeweza kupitisha struct yenye i128 kutoka Rust kwenda C na kila upande ukaona kitu tofauti, wote wakidai wanafuata kanuni.

Nikija kwenye onyo, ndiyo nachoka kabisa. Kompaila inapoona long ya biti 64 inamwagwa ndani ya int ya biti 32, inajua. Ina DI mkononi, inaambiwa itoe SI, inakata biti 32 za juu na kuzitupa. Kwenye GCC onyo la jambo hilo kwa C liko kwenye -Wconversion, na hiyo haimo ndani ya vifurushi vya maonyo vya -Wall wala -Wextra. Kujazia kwa struct kuko kwenye -Wpadded, nayo lazima uiombe kwa jina. Hoja yao ni kwamba maonyo yangekuwa mengi mno. Ndiyo, ni mengi, kwa sababu tatizo ni kubwa! Mficha maradhi kifo humuumbua, na tarehe moja ya kuumbuka tayari inajulikana: 19 Januari 2038, saa za sekunde zilizobanwa kwenye biti 32 zenye alama zitakapofurika. Kila mahali ambapo mtu ameibana time_t (aina ya C ya kuwekea saa) ndani ya int au ndani ya long ya biti 32, kompaila ilikuwepo, ikaona, ikanyamaza.

Ninachotaka si miujiza. Kukata biti kusipite kimya kimya: anayetaka kukata aandike mwenyewe kwamba anakata. Kompaila ikubali swali moja jepesi, "nionyeshe mpangilio wa struct hii", na ijibu kwa baiti, siyo mpaka uchimbe na zana za pembeni. Na ninyi mnaouza maktaba, acheni kutupa struct nzima ndani ya faili. Andika kila kitu peke yake, sema biti ngapi, sema baiti ipi inatangulia, sema desimali ni ya kiwango cha IEEE 754 ya biti ngapi. Ukurasa mmoja unatosha.

NYONGEZA: Kuna wawili wamenijibu kwamba C iliachwa wazi makusudi ili ifanye kazi kwenye mashine zote, na kwamba kuna prosesa za ishara (za kuchakata sauti na mawimbi) ambazo char ni biti 16. Ni kweli zipo, na PDP-10 ilikuwa na word ya biti 36. Lakini Java ilitoka 1995 na int ya biti 32 kila mahali, na C yenyewe imekubali kwenye kiwango chake cha C23 kwamba namba hasi zina umbo moja tu, kijalizo cha mbili, baada ya kuruhusu maumbo matatu kwa miongo. Anayeandika kwa ajili ya prosesa ya ishara aombe ulegevu huo kwa jina. Hivi sasa ni kinyume chake: sote tunabebeshwa ulegevu huo, na anayetaka uhakika ndiye anayepaswa kuuomba.

Na aliyeuliza faili za zamani tumezifanyaje: tumeandika kisomaji chetu, kinachosoma baiti moja moja, rekodi za 24, kujazia kunarukwa. Mtoa huduma bado anasisitiza maktaba yake haina kosa. Kama kuna mwingine humu ana faili za aina hii zenye sifuri zisizoeleweka, angalia kwanza kama ukubwa wa faili unagawanyika kwa 24, kisha chapisha hicho kipimo kwa %g (inayoonyesha hata namba ndogo sana) badala ya %f. Ukiona kitu kinaishia na e-315, umeshajua saa yako iko wapi.