Yule fundi wenu kanirudishia gari linamisi, halafu ananiambia "mpigie shemeji"

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye siti ya dereva, hasira imenijaa hadi kooni.

Ni yule yule. Mnamjua. Mlinielekeza humu humu, "nenda kwa fulani, ana mkono mwepesi". Mwepesi wa kupokea hela! Jina silitaji, mdomo wake unatosha kumtambulisha.

Toyota IST yangu, ya injini ya 1NZ, haikuwa na tatizo la injini. Haikuwa nalo! Ilikuwa inavujisha oili kwenye kava ya tapeti, oili inashuka kwenye mashimo ya plagi. Kazi ni gasketi na sili za plagi, basi. Jumatatu nimeipeleka inanguruma kama paka aliyeshiba. Leo Alhamisi nimekabidhiwa mashine ya kukoboa mpunga. Kwenye foleni ya Buguruni dereva wa bajaji kanigeukia kuniuliza kama nimebeba jenereta. Nilikuwa na trei mbili za mayai siti ya nyuma, nimefika nyumbani yameshajipiga yenyewe, kilichobaki ni kutia unga.

Silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ilikuwa inakaa 700 imetulia. Sasa mshale unaruka 1,200, unaporomoka 400, gari linazima. Nikikanyaga mafuta linashtuka kwanza, ndipo linaondoka. Taa ya injini inawakawaka kama ya harusini.

Nikarudi kwake. Nikamwambia kwa heshima kabisa, fundi, gari linamisi. Hata boneti hakunyanyua. Anatafuna muhogo. Kaniangalia, kamalizia muhogo wake, kisha: "Sista, mpigie shemeji aje, haya mambo ya injini tutaelewana wanaume."

Mpigie shemeji!

Shemeji gani? Kadi ya gari ina jina langu. Shilingi 160,000 alizokula zimetoka kwenye simu yangu, nimezipata kwa kuoka keki usiku kucha. Wakati anapokea hakuuliza shemeji yuko wapi.

Halafu akachomoa waya wa betri, akakaa kidogo, akaurudisha, taa ikazima. "Imepona hiyo." Sijafika Tabata Relini, taa hiyoo. Kumbe kaisahaulisha kompyuta tu, ugonjwa uko pale pale.

Kijana wa jirani ana kifaa cha kusomea kodi za hitilafu za gari. Imetoa P0303 na P0171. Silinda namba 3 haichomi, ndiyo kumisi kwenyewe, na injini inavuta hewa nyingi kupita kiasi kwa mafuta inayopata. Koili ya namba 3, inayoipa plagi umeme, aliichomoa nani? Yeye! Kwa mikono yake! Halafu mpigie shemeji!

Nisaidieni kabla sijarudi pale kuvunja kibanda.

Kiwembe Butu: Pole sana dada. Ila hujajibu swali la msingi. Shemeji yupo?

Mama Wawili: Kiwembe, toka hapa. Mleta uzi, mimi aliniambia "mwite baba watoto" nilipoenda kubadilisha pedi za breki. Nimekuelewa hadi kwenye mifupa.

Tairi la Akiba: Gari la 2004 hilo unataka liimbe kaswida? Shukuru linawaka.

Mleta uzi: Tairi la Akiba, Jumatatu lilikuwa la mwaka gani? Lilizeeka ndani ya siku tatu? Hata kama lingekuwa la 1964, mtu akija na hela yake unafungua boneti. Hufungui mdomo na kusema mpigie shemeji.

Mzee wa Spana: Binti, weka hasira pembeni dakika kumi. Injini hiyo ina koili nne, kila moja imekalia plagi yake. Usinunue kitu chochote bado. Namba 1 ni ile ya upande wa mikanda, hesabu kutoka hapo. Chukua koili ya namba 3 uiweke namba 1, ya namba 1 uilete namba 3, futa kodi, washa. Ikisoma P0301, ugonjwa umehama na koili, basi koili ndiyo imekufa. Ikibaki P0303, hamisha plagi kwa mtindo huo huo. Bado haihami? Kagua nyaya za koili na nozeli inayopulizia mafuta silinda hiyo.

Ila kabla ya yote kamata soketi ya koili uitikise. Ile klipu ya plastiki ikipigwa na joto miaka mingi inakauka, mtu akivuta kwa pupa inakatika, soketi inakaa nusu. Moto unakuja na kupotea.

Hiyo P0171 nadhani ni mpira wa PCV, wa kunyonya mvuke wa ndani ya injini, unaotoka kwenye kava ya tapeti kwenda manifoldi, yaani njia ya hewa ya kuingia injini. Huwezi kung'oa kava bila kuuchomoa. Akisahau kuurudisha, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, sensa ya hewa haina habari, kompyuta inahesabu mafuta kwa hewa iliyoiona tu. Ndiyo maana silensa inacheza.

Na taa ikiwakawaka usilitembeze. Petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega, kile kisafisha moshi kwenye exosti.

Mleta uzi: Mzee wangu shikamoo na asante. Nimezima gari, nimefungua boneti na tochi ya simu. KAIFUNGA KWA UZI WA KIROBA. Klipu ya namba 3 imekatika, soketi kaizungushia uzi wa kiroba wa unga! Ukiigusa inacheza kama jino bovu. Na mpira mmoja nyuma ya kava unaning'inia, mdomo wazi, haujashikwa na kitu.

Yaani alijua! Aliufunga uzi ule kwa vidole vyake, akajua kabisa kwa nini gari linatetemeka, akatafuna muhogo, akaniambia mpigie shemeji!

Mzee wa Spana: Marahaba. Rudisha mpira huo na kibanio chake. Soketi tafuta nyingine na klipu nzima, mtu wa umeme aunge vizuri. Kisha futa kodi upime tena.

Kiwembe Butu: Kwa hiyo shemeji hayupo.

Jogoo wa Shamba: Wewe una bahati, umeachiwa uzi. Mimi kwa huyo huyo gari liliingia na masega, likatoka exosti tupu. Nikikanyaga mafuta Kimara wanadhani nimefika Mbezi.

Tairi la Akiba: Masega wanauza wote hao. Mimi walininyofolea plagi nzima nne, nikawekewa zilizochoka kutoka gari la mtu mwingine. Na huyo mwingine sijui kawekewa za nani.

Mama Wawili: Bora mafundi wa magari. Semeni fundi cherehani! Nimempelekea kitenge wiki tano kabla ya harusi ya mdogo wangu. Kila nikipiga, "dada kimebaki kupiga pasi". Siku ya send-off nimemkuta mke wake amekivaa.

Jogoo wa Shamba: AMEKIVAA?

Mama Wawili: Amekivaa, anaandaa uji. Ameniambia karibu.

Mleta uzi: Jamani pole kwa kitenge, ila turudi kwenye uzi wa kiroba. Nani anamfahamu mtu wa umeme wa gari mwaminifu, Tabata au Segerea? Mtu atakayezungumza na mimi mwenye gari.

Nazi Mbata: Mimi wa kwangu alikata suti mguu mmoja mfupi, akaniambia nisimame vizuri.

Kiwembe Butu: Mama Wawili, huo uji ulikunywa?

Mama Wawili: Nilikunywa, nilikuwa nimetoka nyumbani bila chai. Lakini kitenge nilikidai pale pale, akanijibu anakifua kwanza.

Jogoo wa Shamba: Na kwenye send-off ya mdogo wako ulivaa nini sasa?