Kompyuta ya mezani haiwaki baada ya kuongezewa RAM

Steshenari_Mwanga

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaomba msaada kuhusu kompyuta ya mezani tunayoitumia katika duka letu la steshenari hapa Mwanga, Kigoma Mjini, kwa kuchapa barua, kuskani vyeti na kuwajazia wanafunzi maombi yao mtandaoni. Ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda) moja ya aina ya DDR3 yenye GB 2, na kwa kuwa mashine ilikuwa inakwama mbele ya mteja kila kivinjari kinapofunguliwa, tuliagiza kutoka Dar es Salaam RAM mbili za GB 4 kila moja. Tangu zilipowekwa, feni inazunguka na taa ya mbele inawaka, lakini skrini inabaki nyeusi na ndani unasikika mlio mrefu unaojirudia bila kukoma. Tukirudisha RAM ya zamani, Windows inafunguka kama kawaida. Muuzaji anasisitiza kwamba RAM zake ni nzima na kwamba DDR3 yoyote hufanya kazi katika mashine ya DDR3. Ningependa kujua tatizo liko wapi kabla sijalipia kifurushi cha kuzirudisha.

Fundi_Ujiji

Pole, ndugu. Mlio mrefu unaojirudia, katika bayosi (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) nyingi za zamani, maana yake ni kwamba ubao mama, yaani ubao mkuu wa mashine, haujaiona RAM au umeikataa. Aina si tatizo, kwa sababu mkato wa DDR2 na wa DDR4 uko mahali tofauti na RAM hizo zisingeingia kwenye sloti yako. Chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kushika chochote. Safisha meno ya RAM kwa kifutio laini cha penseli, puliza vumbi kwenye sloti, na ukandamize RAM mpaka vishikio vya pembeni vijifunge vyenyewe. Ijaribu RAM moja moja, katika kila sloti. Ikishindikana, toa betri ndogo ya duara ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama kwa dakika chache ili mipangilio ya bayosi irudi mwanzo, kisha ujaribu tena.

Steshenari_Mwanga

Ahsante, fundi. Nimefuata hatua zote, pamoja na kutoa betri, na hali ni ile ile kwa kila RAM mpya na kwa kila sloti. RAM ya zamani inakubali katika sloti zote mbili.

Mwalimu_TEHAMA_Kasulu

Maelezo haya ya mwisho ndiyo muhimu. Ikiwa sloti zote zinaipokea RAM ya zamani, na RAM zote mbili mpya zinakataliwa kwa namna moja, ni vigumu kuamini kwamba zote mbili zimeungua. Rudisha ya zamani, fungua programu ya CPU-Z, nenda ukurasa wa Mainboard, utuandikie jina la chipseti, yaani chipu za ubao mama zinazounganisha sehemu za mashine. Kisha utuandikie yote yaliyo kwenye lebo ya RAM mpya, na utuambie ina chipu ngapi nyeusi na ziko upande mmoja au pande zote mbili.

Steshenari_Mwanga

Chipseti ni Intel G41. Lebo inasema 4GB 1Rx8 PC3-12800U. Chipu ni nane, zote upande mmoja.

Mwalimu_TEHAMA_Kasulu

Basi jibu limepatikana. GB moja ni gigabiti 8, kwa hiyo GB 4 ni sawa na gigabiti 32. Ukizigawa kwa chipu nane, kila chipu inabeba gigabiti 4. Chipseti ya G41, iliyotoka mwaka 2008, inatambua chipu zisizozidi gigabiti 2, kwa hiyo RAM yako inaweza kuwa nzima kabisa na bado bayosi ikashindwa kuisoma. Unachohitaji ni RAM ya GB 4 yenye chipu 16, nane kila upande, ambayo lebo yake huandikwa 2Rx8. Hiyo kila chipu yake ni gigabiti 2, na mbili zitakupa GB 8, ambazo ndizo kikomo cha G41.

Kauli ya muuzaji kwamba DDR3 yoyote inafaa si sahihi, na inawagharimu sana watu wa mikoani ambao hawawezi kuvuka barabara tu kwenda kubadilisha. Mwombe akutumie picha ya lebo kabla hajafunga mzigo. Epuka pia RAM zinazouzwa kwa bei ya chini zikiwa na maandishi kwamba ni za AMD pekee. Hizo huweza kuwa na chipu 16 na bado mashine ya Intel ikazikataa. Herufi U mwishoni ni sahihi kwa kompyuta ya mezani. R ni ya seva na S ni ya laptopu.

Fundi_Ujiji

Nakubaliana na mwalimu. Naongeza kwamba ni lazima uhakikishe Windows yako ni ya biti 64, kwani ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiweka nane. Muuzaji akikataa kubadilisha, usizitupe hizo za sasa: ubao wenye chipseti ya H61, ambao ni mwingi katika mashine za mtumba, unazipokea bila shida.

Steshenari_Mwanga

Nawashukuru sana. Nimeangalia, Windows ni ya biti 64. Muuzaji amekubali kubadilisha baada ya kumtumia maelezo ya mwalimu, na nimemwomba picha ya lebo yenye 2Rx8 kwanza.

Mwalimu_TEHAMA_Kasulu

Vizuri. Zikifika, ziachie Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku mzima kabla ya kuanza kupokea kazi za wateja. Ikionyesha kosa hata moja, RAM hiyo irudishwe.