Pete ya GeV 3 inaboreshwa: je, busta ya zamani itatosha kuingiza elektroni?

mzingo288

Wakuu, naomba mawazo. Pete ya kuhifadhi elektroni, ile ya kutoa mwanga wa eksirei, ni ya GeV 3, mzingo mita 288 hivi, RF (mawimbi ya redio yanayozirudishia elektroni nishati) 500 MHz, kwa hiyo kuna nafasi 480 za vishada (mafungu ya elektroni), zikipishana kwa nanosekunde 2. Sasa kila seli (kipande cha pete kinachojirudia) ina sumaku mbili za kupinda na emitansi (kipimo cha jinsi mwale ulivyotanda) ni nanomita 6. Mpango ni kuweka akromati (seli) ya sumaku tano za kupinda huku mkondo ukibaki mA 300. Busta, mashine inayozipa elektroni nishati kabla hazijaingia kwenye pete, inatoa emitansi ya nanomita 100 na bajeti haitaki iguswe. Uingizaji ni ule wa kika nne (sumaku za pigo fupi zinazosogeza mwale uliohifadhiwa karibu na septamu kisha kuurudisha) na septamu (ukuta unaotenga mwale unaoingia na uliohifadhiwa) yenye unene wa mm 3. Uigaji unaonyesha uwazi dinamiki (umbali kutoka katikati ambao elektroni bado haipotei) wa mm 6 tu upande wa septamu, pale beta ya mlalo (kipimo cha jinsi sumaku zinavyotanua mwale mahali hapo) ilipo mita 10. Kika nne zinaweza kubaki?

septamu_nyembamba

Mkuu, piga kwanza hesabu ya milimita, habari ya kika itafuata yenyewe.

Nanomita 100 mara mita 10, kipeo cha pili chake ni mm 1. Hiyo ndiyo sigma (mkengeuko sanifu wa upana) ya mwale unaoingia, na kwa sigma tatu unahitaji mm 3 kila upande wa kitovu. Mwale uliohifadhiwa uachie mm 1.5 mbele ya septamu, ongeza mm 3 za septamu yenyewe, kisha mm 3 za nusu ya mwale mpya: kitovu chake kinakaa mm 7.5 na ukingo wa nje mm 10.5. Uwazi wako ni 6. Karibu kila elektroni inapotea.

Septamu ya mm 1 inatengenezeka, ingawa si rahisi, na inarudisha kitovu kwenye mm 5.5. Hapo bado unapoteza theluthi hivi, na hiyo ni pete isiyo na kosa hata moja la upangaji. Ukiwa na busta ya nanomita 10 pamoja na septamu hiyo ya mm 1, sigma inashuka hadi mm 0.32, kitovu kinakuwa mm 3.45 na ukingo mm 4.4. Hapo unabaki na mm 1.6 za kumezea makosa. Busta ya namna hiyo hujengwa ndani ya handaki lilelile la pete, ikiwa na sumaku nyingi ndogo; pete ya SLS ya Uswisi ilikuwa nayo tangu mwanzo, emitansi nanomita 9 hivi.

Kuna njia ya bei nafuu ya kujaribu kabla ya kununua chochote: badilishana emitansi ya mlalo na ya wima ndani ya busta kwa kuvuka resonansi ya muunganiko (hali inayofanya mitikisiko ya mlalo na ya wima ibadilishane) muda mfupi kabla ya kutoa mwale. Ila angalia anduleta, zile sumaku zenye pengo jembamba zinazotoa mwanga. Beta ya wima ikiwa mita 3, sigma tatu ni mm 1.6, na pengo la mm 5 lina nusu ya mm 2.5 tu.

kika_moja

Nakubali hesabu, lakini hata busta ikibadilishwa nisingebakiza kika nne. Pete ya namna hii ina sekstapoli kali (sumaku za kusahihisha kromatisiti), kwa sababu mtawanyiko (jinsi tofauti ya nishati inavyozitenganisha elektroni) ni mdogo na kromatisiti (jinsi tofauti hiyo inavyobadilisha ulengaji) ni kubwa. Zikiangukia ndani ya mwinuko wa kika, yaani mchepuko wa muda wa mwale, mwinuko haufungi sawasawa kwa kila kimo. Tofauti ndogo ya mapigo kati ya kika na kika inatikisa mwale uliohifadhiwa, na watafiti wataiona kila mara mnapojazia elektroni.

Mbadala ni kika moja isiyo ya mstari: uga ni sifuri katikati, kilele kiko pembeni. BESSY II ya Ujerumani waliijaribu, MAX IV ya Uswidi na Sirius ya Brazili wanaitumia. Mambo matatu huharibu kazi:

Kilele lazima kiwe *ndani* ya uwazi dinamiki. Kika hurekebisha pembe, haipunguzi umbali. Kilele kikiwa mm 10 na uwazi mm 6, umepoteza fedha.

Pigo liishe kabla mwale haujarudi. Mzunguko wako ni mikrosekunde 0.96, basi pigo zima la umbo la nusu-sine lisizidi mikrosekunde 1.9, mwale mpya ukipita kwenye kilele chake.

Bomba la seramiki hupakwa titani ya mikroni chache ndani. Ukizidisha unene, uga wa pigo unafifia na kupotoka. Ukipunguza mno, mkondo wa taswira (umeme ambao mwale unauvuta ukutani) unachemsha bomba. Weka vipimajoto kabla ya kufunga, maana baadaye hutafika pale.

Na mwale mnene wa nanomita 100 haufai hapa pia, kwa kuwa kingo zake hupata msukumo tofauti na kitovu.

ombwe_safi

Mbona hamjataja kubadilisha vishada? Pete ya APS ya maabara ya Argonne, Marekani, ilizimwa Aprili 2023, na ilipowaka tena 2024 ilikuwa inaingiza elektroni kwenye mhimili wenyewe: kishada cha zamani kinatupwa, kipya kinakaa mahali pake. Kwenye mhimili unahitaji mm 3 tu kati ya zile 6, kwa hiyo busta ya zamani inaingia.

Bei yake iko kwenye chaji. mA 300 kwa mikrosekunde 0.96 ni nanokulombi 288, yaani 0.6 kwa kila kishada. Huwezi kuchomoa kishada kimoja kati ya nanosekunde 2: kika ya bamba mbili yenye urefu wa mita 0.7 inachukua karibu nanosekunde 4.7 kujaa, bila kuhesabu jenereta ya mapigo. Utalazimika kupanga misururu yenye mapengo ya nanosekunde 10 hivi. Msururu wa vishada 20 unadai angalau nanokulombi 12 kwa pigo moja. Busta ikishindwa, unahitaji pete ya kulimbikiza (ya kukusanya chaji kwanza), kama mradi wa ALS-U wa Marekani. Kwa hiyo fedha uliyookoa kwenye busta inatokea mlango mwingine. Tena mapengo hayo huyumbisha kaviti ya harmoniki (chombo cha RF cha kurefusha vishada), vishada visirefuke sawasawa.

Msukumo si tatizo: kV ±15, pengo mm 9 na mita 0.7 vinatoa karibu miliradiani 1.5 kwa GeV 3. Tatizo ni kishada kinachotupwa. Ni chembamba kiasi cha kuweza kuyeyusha chuma, kwa hiyo kitawanywe kwa pigo dogo mizunguko kadhaa kabla.

mzingo288

Asanteni. Basi nikichagua busta mpya na kika isiyo ya mstari, siku ya kwanza naanzaje?

septamu_nyembamba

Usianze na hiyo kika. Kabla obiti haijasahihishwa, uwazi halisi unaweza kuwa mm 1 au 2, na mwale ulio pembeni hautadumu. Weka kika ya kawaida ya dipoli (yenye uga sawa kotekote) karibu nayo, ingiza kwenye mhimili kishada kimoja kwa pigo moja, RF ikiwa imezimwa, sekstapoli zikiwa chini. Fuata mzunguko wa kwanza kwa vipima-nafasi, ukisahihisha seli moja baada ya nyingine. Ukipata mizunguko kadhaa, pandisha sekstapoli, kisha washa RF na utafute fazi (wakati sahihi wa wimbi). MAX IV nao walianza na kika moja ya dipoli. Kika isiyo ya mstari iwashwe baada ya obiti na beta kusahihishwa, na sifuri yake ya uga itafutwe kwa kusogeza mwale uliohifadhiwa, usitegemee vipimo vya wapima peke yake.