Ovaroli ya kazi ya moto: kanuni itaje kitambaa au isitaje?

Mtoa hoja, Mokowe
Ndugu zangu, naleta hili nikiwa na uchungu. Mpwa wangu huchomelea vyuma. Juzi alikuwa amelala chali chini ya trela, cheche zikamdondokea kifuani. Ovaroli aliyopewa kazini ilikuwa mpya, buluu, ina mkanda wa kung'aa begani. Ikayeyuka. Ikamganda kwenye ngozi, na hospitalini walimbandua kipande kwa kipande. Ilikuwa poliesta, kitambaa kinachoyeyuka kwenye nyuzijoto 250 au 260 hivi, na cheche ya chuma hupita 1,000.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 101, inamtaka mwajiri awape wanaokabiliwa na vitu vya kudhuru mavazi ya kujikinga, ya kutosha na yanayofaa. Lakini yanayofaa ni yapi? Mkaguzi akija ataona ovaroli imevaliwa, basi. Mimi nasema kanuni itaje kitambaa waziwazi: kwenye kazi ya moto, poliesta na nailoni marufuku, na ovaroli iwe na lebo ya ISO 11611, kiwango cha kimataifa cha nguo za wachomeleaji, au ISO 11612 kwa joto na ndimi za moto. Zabuni za kaunti nazo ziandike hivyo hivyo. Mwasemaje?

Mwenye gereji, Mokowe
Pole sana kwa kijana, Mungu amponye. Ila napinga. Nina vijana wanne. Nguo nzito mwezi wa Februari, saa saba mchana, Kaskazi imetulia, hakuna upepo? Wataivua mpaka kiunoni, wafunge mikono yake tumboni, waendelee na kazi. Nguo iliyovuliwa itamkinga nani? Na hizo zenye lebo bei yake ni ya tajiri. Mkiandika kanuni hiyo, gereji ndogo tutafunga na vijana watachomelea na fulana.

Mshonaji, Langoni
Mimi ndiye ninayezishona. Wateja huniomba poliesta wenyewe, kwa sababu haipauki na jua, hukauka upesi, haitaki pasi. Kabla hamjabishana, chomoeni uzi kwenye pindo la ndani, mtoke nje, muuchome. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta hujikunja, hutoa moshi mweusi, na mwisho hubaki shanga ngumu. Mkiona shanga na jivu pamoja, ni mchanganyiko. Dangirizi za mitumba msiziamini kwa macho, nyingi za siku hizi zina nyuzi za kuvutika, nazo si pamba. Na uzi wa kushonea je? Nguo ya pamba tupu iliyoshonwa kwa uzi wa poliesta hufumuka kwenye mshono moto ukiifikia.

Aliyekuwa kibarua wa ujenzi, Hindi, Lamu
Lebo peke yake haitoshi. Tulipewa pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, lebo na kila kitu. Hatukuambiwa namna ya kuifua. Nyumbani ikafuliwa na dawa ya klorini ya kung'arisha, na klorini huiua ile kinga. Maji yetu ya kisima nayo yana chumvi, hushikana na sabuni, yakaacha utando kwenye nyuzi, na utando huo waweza kushika moto. Aramidi, uzi wa kiwandani unaostahimili moto, ni tofauti, kinga yake imo ndani ya uzi wenyewe, kufua hakuitoi. Lakini ndiyo ghali kuliko zote.

Mtoa hoja, Mokowe
Ami wa gereji, kwa joto nakubali, nilikosea kutaka nguo moja kwa kila kazi. Aproni na mikono ya ngozi huvaliwa wakati wa kushika moto tu, kisha huvuliwa. Kwa gereji, hiyo pamoja na ovaroli ya pamba tupu ingekuwa kima cha chini. Lebo ya ISO iwe lazima penye matangi ya mafuta na kazi za makampuni makubwa, na kuzifua nguo hizo iwe juu ya mwajiri, si juu ya mke wa kibarua. Lakini kwenye poliesta sirudi nyuma, ami. Bei ya pamba tupu haifungi gereji.

Mwenye gereji, Mokowe
Pamba tupu na aproni naweza. Mshonaji, vijana wanne itakuwa kiasi gani?

Mshonaji, Langoni
Njoo na vipimo vyao, tuelewane. Na uje dukani mwenyewe, tuchome kipande cha kitambaa na uzi kabla sijakata.