Kikundi cha familia: Lexington na Louisville, Kentucky, Marekani

JUMATANO

Mama Furaha: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nafasi imepatikana kwenye kambi ya Fort Boonesborough, pale penye ngome ya kihistoria, Ijumaa hadi Jumapili. Shemeji Baraka ameshakodi gari la kulala, lile refu lenye kitanda juu ya dereva. Vijana watapiga hema pembeni. Anayekuja aseme leo.

Baba Mkubwa: Marahaba. Ila sijaelewa. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tumelala chini ya turubai mpaka migongo ikakataa. Tumefika huku tumepata nyumba yenye paa. Sasa tutoe hela tukalale porini?

Elia: 😂😂😂

Shemeji Baraka: Baba Mkubwa, hili si turubai. Lina choo, bafu, jiko la gesi, friji na kiyoyozi.

Baba Mkubwa: Choo ndani ya gari. Na uchafu unakwenda wapi?

Shemeji Baraka: Chini kuna matangi mawili, la choo na la maji ya sinki na bafu. Siku ya kuondoka tunapita kituo cha kumwagia, tunafunga bomba, tunafungua la choo kwanza. Likiisha ndipo la sinki, maji ya sabuni yaoshe bomba. Ukianza na la sinki, bomba unarudi nalo na harufu yake.

Mama Mdogo Riziki: Wengine tuko mezani jamani

Baba Furaha: Na leseni? Mimi nina hii ya kawaida tu

Shemeji Baraka: Inatosha kwa gari la ukubwa huu. Cha kuangalia ni kimo. Asubuhi mtu asiniambie nipite dirishani ninunue kahawa nikiwa ndani ya gari, paa litabaki pale.

Shemeji Baraka: Halafu umeme. Gari linavuta ampea 30. Kiyoyozi, maikrowevu na kile kikaango cha Mama Furaha haviwaki kwa pamoja. Chagueni baridi au maandazi.

Mama Furaha: Maandazi.

Baba Furaha: Kuni nitaleta mimi. Kuna mti ulianguka nyuma ya nyumba, nimeshaukata.

Shemeji Baraka: Hapana, hizo ziache nyumbani. Kuna mdudu wa kijani aliyetoka Asia, mabuu yake yanakaa chini ya gome, ameua miti ya ash kila mahali hapa Kentucky. Anasafiri kwa kuni za watu kama sisi. Kuni tutanunua hukohuko.

Baba Furaha: Mdudu naye ana safari zake. Haya

Mama Mdogo Riziki: Mimi Ijumaa na Jumamosi mchana niko zamu hospitali. Nitakuja Jumamosi jioni. Njia?

Shemeji Baraka: Kutoka Louisville shika I-64 mpaka Winchester, halafu kata kusini kwa 627. Ni kama maili 100. Sisi wa Lexington tunashuka I-75 mpaka njia ya kutokea namba 95, hatufiki maili 30.

Baba Mkubwa: Mto uko umbali gani na mahali pa kulala?

Shemeji Baraka: Karibu. Kambi iko tambarare ya mto.

Baba Mkubwa: Ndiyo maana nauliza. Aprili ya 2025 mto huohuo uliingia mitaani Frankfort, tuliona kwenye televisheni.

Shemeji Baraka: Kweli kabisa. Pale jirani kuna bwawa na lango la kupitishia mashua, wanaliita Lock 10, lina kipimo cha maji kinachosomeka kwenye simu. Nimekiangalia leo, maji yako chini. Nitakiangalia tena Ijumaa asubuhi kabla ya kuwasha gari.

Baba Mkubwa: Nitakuja nione.

IJUMAA

Mama Furaha: [picha] Tumefika salama. Gari lilikuwa limelalia upande mmoja, Shemeji amepanga vibao chini ya tairi za kulia hadi likakaa sawa. Anasema likiinama friji haipoi vizuri.

Koko: Mungu ni mwema. Watoto wasikaribie maji.

Mama Furaha: Hawakaribii, mama. Elia anataka kuvua ila ana miaka 16 sasa, lazima awe na leseni. Wadogo wake wanaruhusiwa bila leseni na wanamcheka.

JUMAMOSI

Baba Mkubwa: [ujumbe wa sauti, dakika 6:12]

Baba Mkubwa: [ujumbe wa sauti, dakika 4:40]

Mama Mdogo Riziki: Shikamoo Baba Mkubwa. Niko kazini siwezi kusikiliza. Elia, andika amesema nini.

Elia: Marahaba anasema 😂 Yuko kwenye ngome anabishana na mhunzi. Humu kuna watu wamevaa nguo za zamani, wanafua chuma, wanasokota uzi, wanatengeneza sabuni na mishumaa. Baba Mkubwa amemwambia yule wa sabuni kwamba bibi yake alifanya haraka zaidi.

Elia: Ngome yenyewe ni ya kujengwa upya, ilifunguliwa 1974, iko juu kilimani. Ile ya kwanza ya 1775, ya Daniel Boone, mlowezi mzungu, ilikuwa chini kule mtoni.

Mama Mdogo Riziki: Na anabishana nini?

Elia: Ardhi. Kuna tajiri anaitwa Richard Henderson, ndiye aliyemtuma Boone. Machi 1775 alinunua eneo kubwa sana la Kentucky kutoka kwa Wacherokee, kabila la wenyeji wa asili. Lakini Washawnee, kabila jingine la wenyeji, nao walikuwa wakiwinda humu, na hawakuulizwa.

Baba Mkubwa: Umeuziwa shamba na jirani, halafu unashangaa mwenzake akija na panga!

Elia: Na mwaka 1778 serikali ya Virginia nayo ikasema ununuzi huo ni batili.

Baba Furaha: Kesi za mashamba ni zilezile dunia nzima

Elia: Sasa Septemba 1778 Washawnee na wenzao zaidi ya 400 wakaizingira ngome, kiongozi wao Chifu Blackfish. Huyohuyo alikuwa amemteka Boone Februari na kumfanya mwanawe, akamwita Sheltowee, Kobe Mkubwa. Boone alitoroka mwezi wa Juni, akaja kuwaonya watu wake.

Koko: Alimkimbia baba aliyemlisha.

Elia: Eti Koko 😅 Wakachimba handaki kutoka ukingo wa mto kuja chini ya ngome. Waliomo ndani wakaona mto umechafuka tope upande wa chini tu, juu maji safi. Wakajua. Kisha mvua ikapiga, handaki likabomoka.

Elia: Mama Mdogo, hii yako sasa. Mkalimani mwenzako, yule wa Washawnee, alikuwa mtu mweusi. Pompey.

Mama Mdogo Riziki: Mkalimani?

Elia: Ndiyo. Aliishi na Washawnee. Ndiye aliyekuwa akija karibu na ukuta kupaza maneno yao kwa Kiingereza. Aliuawa hapohapo kwenye vita hivyo.

Mama Mdogo Riziki: Sisi tunalipwa kwa saa na bado tunalalamika.

Elia: Na waliokufa ndani ya ngome ni wawili tu. Mmoja alikuwa mtumwa, aliitwa London.

Mama Mdogo Riziki: Subiri. Mweusi nje ya ukuta, mweusi ndani ya ukuta, wote wamekufa, na hiyo kesi ya shamba haimhusu hata mmoja?

Baba Mkubwa: Ndiyo dakika 6 nilizozungumza. Kijana amefupisha.

Mama Furaha: Mimi yule Monk Estill ndiye aliyenikaa moyoni. Naye mtumwa, aliwatengenezea baruti hapa. Mwaka 1782 akatekwa na Wawyandot, kabila jingine la wenyeji. Bwana wake Kapteni Estill akawafuata, wakapigana, kapteni akafa. Monk akatoroka katikati ya vita, akambeba majeruhi mzungu maili 25 hivi mpaka nyumbani. Ndipo mtoto wa kapteni akamwachia huru. Wanasema ndiye wa kwanza Kentucky.

Mama Mdogo Riziki: Yaya, baruti haikutosha, mpaka abebe mtu mgongoni?

Mama Furaha: Nimeuliza hivyohivyo. Yule mama mwenye gauni la zamani akatabasamu tu.

Baba Mkubwa: [ujumbe wa sauti, dakika 7:03]

Elia: Huo siufupishi

Mama Mdogo Riziki: Natoka zamu. Huyo Pompey nitakuja kumuuliza mwenyewe huyo mama wa gauni kesho, ngome ikifunguliwa.

Shemeji Baraka: Karibu sana. Ukifika zima taa kubwa, watu wa jirani wanalala mapema.

Baba Furaha: Jamani nani aliacha ndoo ya ndagala nje ya gari?

Elia: Si mimi

Mama Furaha: Ilikuwa na mfuniko.

Baba Furaha: Rakuni wawili wameufungua. Wanakula wametukazia macho, hata hawakimbii

Baba Mkubwa: Ndagala zimetoka Kigoma zimepanda ndege, zinaliwa na panya mwenye miwani.

Mama Furaha: Riziki, pitia Lexington kwenye duka la Waafrika uchukue nyingine.

Mama Mdogo Riziki: Nimeshapita Lexington, naingia Winchester. Kuna sombe?

Mama Furaha: Sombe ipo, imo ndani ya friji.

Mama Mdogo Riziki: Basi tutakula sombe kavu. Fungeni mlango.