Mabaki ya herufi kwenye konsoli ya maandishi iliyogeuzwa wima

Muulizaji, Nakuru

Wataalamu, hamjambo. Katika ofisi yetu ya mizigo hapa Nakuru tumetundika televisheni wima ukutani ili wateja wasome orodha ya magari ya Kericho, Kisumu, Eldoret na Kitale pamoja na saa za kuondoka. Kompyuta inayoiendesha ni ya zamani na ina Debian, aina ya Linux, isiyo na madirisha, kwa hiyo skripti ya bash (faili ya amri zinazofuatana) ndiyo inayoandika orodha moja kwa moja kwenye konsoli, yaani skrini ya maandishi matupu. Mashine ikishawaka, skripti huanza yenyewe, kisha mimi huandika 1 kwenye faili ya /sys/class/graphics/fbcon/rotate, na maandishi hugeuka vizuri.

Taabu huanza hapo. Chini kabisa hubaki ukanda mwembamba wa vipande vya herufi ambao amri ya clear haiufuti, mistari mirefu hukatika na kumwagikia mstari unaofuata, na kila orodha inapoandikwa upya skrini hupepesa kama taa yenye stima hafifu. Kebo ya HDMI nimebadilisha, hali ni ile ile. Skrini ni ya pikseli (nukta za picha) 1366 kwa 768. Je, kadi ya picha imekwisha?

Fundi, Kisumu

Ndugu yangu, usinunue kadi kwanza. Andika 0 kwenye faili hiyo hiyo ili konsoli irudi ilivyokuwa, kisha uitazame skrini kwa makini. Kadi mbovu hutoa michirizi hata maandishi yakiwa yamelala kawaida; kasoro zikitoweka mara tu unaporudisha 0, basi chanzo chake kimo katika namna konsoli inavyochora, na naamini ndivyo utakavyokuta.

Kuhusu ule ukanda, piga hesabu. Fonti ya kawaida ina upana wa pikseli 8 na urefu wa 16. Skrini ikisimama, 768 ukiigawa kwa 8 unapata safu 96 kamili (safu ni nafasi za herufi kwa upana), lakini 1366 ukiigawa kwa 16 unapata mistari 85 na pikseli 6 zinabaki. Pikseli hizo 6 hazimo katika mstari wowote, na kwa kuwa clear husafisha nafasi za herufi tu, chochote kilichochorwa pale kabla ya kugeuza huweza kuendelea kukaa. Ukihamia konsoli ya pili kwa chvt 2 na kurudi kwa chvt 1, kerneli, yaani kiini cha Linux, huzisafisha pambizo, ila hiyo ni nafuu ya muda. Kubadilisha fonti nako hakutakufaa, kwa sababu 1366 ni 683 mara mbili, na 683 ni nambari tasa, kwa hiyo fonti za kawaida zote zitaacha mabaki upande huo. Televisheni nyingi za aina hii hukubali pia 1360 kwa 768, na 1360 ni mistari 85 kamili. Soma faili ya modes iliyo chini ya /sys/class/drm/card0-HDMI-A-1. Ukiikuta 1360x768 humo, itumie.

Mistari inakatika kwa sababu skripti yako huanza kabla ya kugeuza. Wakati huo konsoli ina safu 170 na mistari 48. Ukigeuza inakuwa na safu 96 na mistari 85, na skripti iliyokwisha kupima upana mwanzoni haina habari. Geuza tangu kerneli inapoanza. Fungua /etc/default/grub, faili ya mipangilio ya kuwashia mashine, kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX uongeze fbcon=rotate:1 video=HDMI-A-1:1360x768, uendeshe update-grub, kisha uwashe upya. Amri ya stty size, inayotaja mistari kisha safu, ikikujibu 85 96, mambo yamekaa sawa. Faida nyingine ni kwamba faili ya rotate hugeuza konsoli uliyomo peke yake, ilhali mpangilio huu hugeuza zote.

Kupepesa kunatokana na kufuta skrini nzima kila mara. Konsoli iliyogeuzwa huchorwa na prosesa, herufi moja baada ya nyingine, na kwenye mashine ya zamani jicho huuona ule weusi wa katikati. Acha clear, rudisha kielekezi juu kwa \033[H, uandike juu ya maandishi ya zamani, na umalizie kila mstari kwa \033[K ili mkia wa jina refu lililotangulia ufutike. Kielekezi chenyewe kifiche kwa setterm --cursor off.

Muulizaji, Nakuru

Ahsante sana, ndugu. Niliporudisha 0 kasoro zilitoweka, nami nikafuata maelekezo yako yote. Ukanda umeondoka, mistari imetulia, na skrini haipepesi tena. Sasa ninaloliona ni kwamba herufi ya kwanza ya kila mstari imekatwa nusu, kiasi kwamba K ya Kericho inaonekana kama mshale.

Msomaji, Kakamega

Hilo ni la televisheni yenyewe, wala si la Linux. Televisheni nyingi hukuza picha kidogo na kukata kingo zake zote. Ingia kwenye menyu ya ukubwa wa picha, utafute chaguo la kuonyesha picha bila kuikuza, ambalo katika baadhi ya televisheni huonekana tu baada ya kuitaja njia hiyo ya HDMI kuwa ya kompyuta. Ikiwa yako haina chaguo hilo, ifanye skripti ianzie safu ya tatu na iishie safu ya 94, na uache pia mstari mmoja mtupu juu na mwingine chini.