Mjadala: Je, MRI inayolinganisha ishara na kamusi inaitambua tishu, au inatuchagulia tu jibu lililo karibu?

Mpimaji

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Kwa miaka mingi picha za MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio) zimesomwa kwa jicho: hapa peupe, pale peusi, kisha mtaalamu wa radiolojia anaamua. Weupe huo hauna kipimo, kwa sababu unategemea mashine, mipangilio yake na hata umbali wa kiungo kutoka kwenye koili, yaani antena inayopokea ishara. Katika picha za CT, zinazopigwa kwa eksirei, kuna kipimo kimoja: maji ni 0 na hewa ni −1000, na kila anayezisoma anajua anachokisoma.

Mwaka 2013, Dan Ma, Mark Griswold na wenzao wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve walichapisha katika jarida la Nature njia ya kuondoa udhaifu huo. Badala ya kurudia mpigo ule ule wa mawimbi ya redio, mashine hubadilisha nguvu ya kila mpigo na muda unaoutenganisha na unaofuata, kwa mpangilio unaofanana na wa kubahatisha, hivyo kila tishu hutoa mfululizo wake wa ishara. Kompyuta huwa imekwisha kukokotoa, kwa milinganyo ya mwanafizikia Felix Bloch ya 1946, mifululizo inayotarajiwa kwa maelfu ya michanganyiko ya T1 (muda wa protoni, yaani viini vya hidrojeni mwilini, kurejea kwenye mwelekeo wa sumaku kuu) na T2 (muda wa protoni kupoteza mzunguko wao wa pamoja). Mkusanyiko huo ndio kamusi. Kila kijisehemu cha picha hulinganishwa na kamusi nzima, na ingizo linalofanana nacho kuliko mengine yote hutupatia T1, T2 na wingi wa protoni kwa mkupuo mmoja. Katika kazi ile ya kwanza, safu moja ya ubongo ilipimwa kwa sekunde 12.3.

Ninauliza: je, daktari azipokee nambari hizi kama utambuzi wa kilichomo mwilini na kuziandika katika ripoti ya mgonjwa? Mimi ninasema azipokee, na tunaochelewa tunawachelewesha wagonjwa.

Hesabu Kwanza

Mpimaji, maelezo yako ni mazuri lakini umeruka shimo lililo katikati ya njia. Utaratibu wa kulinganisha hutafuta ingizo lililo karibu zaidi, na lililo karibu zaidi lipo daima. Ukiweka ndani ya mashine kitu ambacho hakimo kabisa katika kamusi, bado utapewa T1 na T2, tena zikiwa na desimali zake, bila alama yoyote ya kukuonya. Kijisehemu chenye nusu maji na nusu mafuta hutoa jumla ya ishara mbili. Jumla hiyo haimo katika kamusi iliyotengenezwa kwa kudhani kwamba kila kijisehemu kina kitu kimoja tu, nayo kompyuta itachagua thamani isiyo ya maji wala ya mafuta. Tabaka la nje la ubongo lina unene wa milimita chache tu, kwa hiyo mpakani mwake mchanganyiko wa tishu na majimaji ni jambo la kawaida kabisa.

Zaidi ya hayo, ahadi kwamba T1 na T2 zitatuambia tishu ni ya aina gani si mpya. Raymond Damadian, daktari Mmarekani, aliitoa mapema katika miaka ya sabini, ikashindwa, naye akaishia kulipia kurasa za magazeti kudai Tuzo ya Nobel.

Mzee wa Maabara

Nilikuwa ninasoma kimya, lakini sentensi ya mwisho ya Hesabu Kwanza haiwezi kupita hivi hivi. Damadian alichapisha katika jarida la Science mwaka 1971, akionyesha kwamba uvimbe wa saratani uliotolewa kwenye panya ulikuwa na T1 na T2 ndefu kuliko tishu zenye afya. Kabla ya hapo, ni nani aliyekuwa na sababu ya kumweka binadamu ndani ya sumaku ili kutafuta ugonjwa? Julai 1977, yeye na wasaidizi wake walipata picha ya kwanza ya kifua cha mtu aliye hai kwa mashine waliyoijenga kwa mikono yao, kazi iliyochukua karibu saa tano. Mtu wa namna hiyo hatajwi kwa kurasa za magazeti peke yake. Nimeifanya kazi hii tangu wengi wenu hamjaanza shule, nami ninaona uchungu kila mtoto wa juzi anapomtaja kwa dharau.

Bi. Radiolojia

Mzee wetu, shikamoo, na heshima yako ipo palepale. Hata hivyo Damadian alipima vipande vya tishu vilivyokatwa, na njia yake ya 1977 ilisogeza mwili hatua kwa hatua ili kupima nukta moja baada ya nyingine. Aliyeonyesha kwamba sumaku inayobadilika nguvu kutoka upande mmoja hadi mwingine inaweza kuzalisha picha ni Paul Lauterbur, katika Nature ya 1973, akitumia mirija miwili ya maji. Peter Mansfield ndiye aliyeonyesha jinsi ya kuifanya kazi hiyo kwa kasi. Tuzo ya Nobel ya Tiba ya 2003 ilikwenda kwa hao wawili, na hakuna mashine ya leo inayopiga picha kwa njia ya Damadian ya nukta kwa nukta.

Kuhusu swali lenyewe, mimi ndiye ninayetia saini ripoti. Nikiandika kwamba T1 ya eneo fulani ni milisekunde 1400, daktari wa upasuaji ataisoma kana kwamba imetoka mbinguni. Hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Mjuzi wa Miamba

Mimi si mtu wa hospitali. Ninatumia mwangwi wa sumaku, kanuni ile ile ya MRI, kupima miamba inayobeba mafuta na maji, na nadhani tunalo somo la kuwapa. Katika mwamba, maji ni yale yale, lakini T2 yake hubadilika kulingana na ukubwa wa vitundu, kwa sababu protoni hupoteza mzunguko wao wa pamoja kila zinapogusa ukuta wa kitundu. Kitundu kidogo hutoa T2 fupi, kikubwa hutoa T2 ndefu. Kwa mawe ya mchanga, wengi huanza na mpaka wa milisekunde 33 kutenganisha maji yaliyonaswa na yale yanayoweza kutiririka. Kwa mawe ya chokaa, mpaka unaozoeleka ni 92. Nambari hizo hutumika hadi pale sampuli za mwamba wenyewe zinapopimwa maabara na kutoa mpaka wake halisi.

Maana yake ni kwamba kitu kimoja kinaweza kutoa ishara nyingi, na vitu viwili tofauti vinaweza kutoa ishara moja. Ishara haibebi jina la kitu. Hubeba hali ya protoni mahali zilipo, na ili kupata jina unahitaji kujua jambo jingine kutoka nje ya ishara. Je, ninyi wa hospitali mnalipata wapi jambo hilo jingine?

Mzee wa Maabara

Marahaba, Bi. Radiolojia, ila kanuni za Nobel huruhusu watu watatu, na mwaka ule walitajwa wawili. Nafasi ya tatu iliachwa wazi, na hilo hukulijibu. Aidha, Damadian aliomba hataza mwaka 1972, kabla ya makala ya Lauterbur, akaipata 1974, na mwaka 1997 mahakama ya rufaa ya Marekani ilithibitisha kwamba kampuni ya General Electric ilipaswa kuilipa kampuni yake zaidi ya dola milioni 100. Majaji walisoma nyaraka ambazo sisi hapa hatujazisoma.

Bi. Radiolojia

Mahakama huamua haki ya hataza. Haiamui iwapo T1 ndefu ni dalili ya saratani. Nalo lilichunguzwa sana baada ya 1971, likaonekana kwamba thamani za uvimbe na za tishu zisizo na saratani zinaingiliana. Tishu iliyovimba kwa maji au yenye uchochezi nayo huwa na T1 ndefu. Ninalisema hili kwa sababu linamhusu Mpimaji moja kwa moja, wala si kwa ajili ya kumshusha marehemu.

Mpimaji

Ninaomba turudi. Hesabu Kwanza ameandika kana kwamba nimeficha shimo kwa makusudi, na hilo limeniuma, kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa kwenye chumba cha mashine usiku na mchana nikijaribu kuifanya itoe kitu cha kuaminika.

Kwanza, njia hii hustahimili mambo yanayoharibu picha za kawaida. Data hukusanywa kwa uchache mno, hata kila picha moja moja huonekana kama vurugu tupu, lakini vurugu hiyo haifanani na ingizo lolote la kamusi, hivyo ulinganishaji huipuuza. Katika makala ya 2013 walionyesha hata mtu aliyetikisa kichwa kuelekea mwisho wa kipimo, na ramani zikabaki zikisomeka. Pili, tuna vifaa vya kujipima. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilishiriki kuandaa tufe lenye vichupa vya miyeyusho ya kloridi ya nikeli na ya manganizi ambavyo T1 na T2 zake zinajulikana, na mashine hupimwa dhidi ya tufe hilo. Mtu anayeita kazi hiyo kubahatisha hajawahi kukesha nayo.

Hesabu Kwanza

Sikuandika neno kubahatisha, Mpimaji, na ninakuomba usiniwekee maneno kinywani. Niliandika kwamba jibu hutoka hata pale ambapo halipaswi kutoka.

Mfano wa vichupa unanipa nguvu. Ndani ya kichupa kuna mmumunyo mmoja safi, yaani kile hasa ambacho kamusi inakidhania. Ndani ya ubongo kuna protoni zilizoshikamana na molekuli kubwa kama zile za mayelini, utando unaofunika nyuzi za neva. T2 yao ni ya mikrosekunde kadhaa tu, mashine haizioni, lakini hubadilishana usumaku na maji yanayoonekana na kuipotosha T1 tunayoipima. Kuna pia tatizo la mawimbi ya redio kutoenea sawasawa mwilini, hasa kwenye mashine za tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku): unaamuru mpigo unaogeuza protoni kwa nyuzi 60, mahali pengine zinageuka 50 tu, na T2 inapotoka kimyakimya. Mashine inaweza kufaulu kwenye vichupa vyote na bado ikapotoka kwenye ubongo wa mtu.

Utasema tuongeze hayo yote katika kamusi. Vigezo vitatu vyenye thamani 100 kila kimoja hutoa maingizo 1,000,000. Ukiongeza cha nne, yanakuwa 100,000,000. Wapo wanaobana kamusi kwa mbinu za aljebra, na wapo wanaotumia mitandao ya neva (programu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano) badala ya kutafuta ingizo moja moja, lakini kubana kamusi iliyopungukiwa hakuijazi.

Daktari wa Wodi

Ninawafuatilia tangu mwanzo na ninaona tunagombania kitu ambacho mimi sikihitaji. Mgonjwa wangu tayari ana jina la ugonjwa wake. Lilitoka kwa mtaalamu wa patholojia aliyekiangalia kipande cha tishu chini ya hadubini. Ninachotaka kujua ni kama kidonda kilichokuwa na thamani fulani kabla ya dawa kimebadilika baada ya dawa. Kwa kazi hiyo, mashine inayokosea kwa kiasi kile kile kila mara inanitosha, mradi mgonjwa arudi kwenye mashine ile ile, kwa programu ile ile. Picha ya weupe na weusi haiwezi kunipa hilo. Mpimaji amepata mtetezi ndani yangu, ingawa si kwa sababu alizozitoa.

Mpimaji

Daktari, ninakushukuru, lakini ukifungia thamani hizi kwenye mashine moja umeiondoa faida ya kuwa na nambari. Nilianza na CT kwa sababu hiyo.

Mjuzi wa Miamba

Swali langu halijajibiwa, ila Daktari amelikaribia kuliko wengine: jambo jingine kutoka nje ya ishara ni hadubini ya mtu wa patholojia, kama ambavyo kwetu ni kipande cha mwamba kilicholetwa maabara. Wala sioni kwamba mashine za nguvu tofauti zitatoa thamani moja, kwa sababu T1 ya tishu yenyewe huongezeka sumaku inapokuwa na nguvu zaidi. Tishu ile ile itatoa T1 moja kwenye tesla 1.5 na nyingine kwenye tesla 3, na zote mbili zitakuwa sahihi. Mpimaji, hapo ndipo mfano wa CT unapokuachia mkono.

Mzee wa Maabara

Hilo la nguvu ya sumaku, sisi wa zamani tulilijua kwa kulipima. Na bado hakuna aliyenijibu kuhusu nafasi ya tatu.

Bi. Radiolojia

Mzee wangu, nafasi ya tatu tutaizungumza siku nyingine, ninakuahidi.

Mpimaji, nitakueleza ninachoweza kukitia saini. Nitaandika T1 na T2 za eneo, nguvu ya sumaku, aina ya mfululizo wa mipigo, na vigezo ambavyo kamusi ilivizingatia na ambavyo haikuvizingatia. Nitataka pia ramani ya tatu kando ya hizo mbili, inayoonyesha kila kijisehemu kilifanana kwa kiasi gani na ingizo lililochaguliwa, kwa sababu ulinganishaji wenyewe tayari hutoa kipimo hicho na mara nyingi hakimfikii msomaji. Hesabu Kwanza, ramani hiyo ingekutosha?

Hesabu Kwanza

Ingesaidia pale ambapo ishara haifanani na ingizo lolote. Isingesaidia pale ambapo mchanganyiko wa tishu mbili unafanana vizuri mno na ingizo la tishu ya tatu isiyokuwepo. Kwa hali hiyo ningetaka kijisehemu kijaribiwe kwanza kama mchanganyiko wa tishu chache zinazojulikana, kisha matokeo yote mawili yawekwe mbele ya daktari. Mpimaji, mashine yako inaweza kutoa data ghafi ili tuijaribu, au programu inakupa ramani zilizokwisha kupikwa tu?

Mpimaji

Inatoa data ghafi. Nitumie utaratibu wako wa kutenganisha michanganyiko, nitauendesha kwanza kwenye vichupa, nikichanganya miyeyusho miwili kwa makusudi.